Nimerudi kuchora, na kila ninayemchora anatoka kwenye bango la kinyozi

Watu wakisikia nimerudi kuchora, swali lao la kwanza ni lile lile: "Mkono bado upo?" Upo. Upo kupita kiasi, na hapo ndipo tabu yangu ilipo. Nilidhani miaka yote hii ya kuuza daftari na kutoa fotokopi Mbagala itakuwa imeufuta, kwamba nitaanza upya kama mtoto wa chekechea. Wapi! Siku niliposhika peni nimchore mteja aliyekaa kwenye benchi langu, mama wa makamo aliyejifunga kilemba, kilichotoka kwenye karatasi ni kijana wa mwaka 2001: shavu linang'aa, macho yanatazama kushoto, anatabasamu. Kijana huyo namfahamu vizuri. Nilimpaka kwenye mabanda ya vinyozi kuanzia Temeke mpaka Manzese.

Kwa msionijua, mimi nilikuwa mwandika mabango. Shuleni nilikuwa yule mtoto wa kunakili katuni za gazeti la Sani nyuma ya daftari la hesabu, Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Madenge, na ndizo zilizonipeleka kwa fundi mmoja wa Temeke, marehemu sasa, Mungu amrehemu. Yeye ndiye aliyenifundisha kupiga miraba. Unachukua picha ndogo, unaigawa miraba kwa rula na penseli. Ukutani unapiga miraba ile ile kwa ukubwa unaoutaka, kwa uzi uliopakwa chaki, kisha unahamisha mraba mmoja mmoja. Ukifanya hivyo kwa macho na mdomo ule ule mara nyingi, miraba huihitaji tena. Fundi alikuwa anasema hapo ndipo unapoanza kula faida, maana mteja halipi muda wako, analipa bango.

Basi nikawa na uso wangu. Kahawia ya mafuta kwanza, uso mzima. Kahawia iliyotiwa nyeusi kidogo upande mmoja. Mwisho nyeupe iliyovunjwa kwa tone la njano juu ya paji, ncha ya pua na shavu, tukiita mng'aro. Paji pana, kwa sababu anayelipa anauza nywele, sio kidevu. Watu wangu wote walionekana wametoka kukimbia. Kwa mgahawa nilikuwa na kuku mzima juu ya sahani na mistari mitatu ya mvuke. Kwa bucha nilikuwa na ng'ombe anayecheka, ambaye hadi leo sijui alikuwa anafurahia nini mahali pale.

Sisemi haya kwa dharau. Rangi yetu ndiyo ile ile ya mafuta, wengine wanaiita ya baiskeli, aliyoitumia Edward Saidi Tingatinga kwenye hadibodi zake kule Oysterbay mwishoni mwa miaka ya 1960, na sasa picha za watu waliomfuata zinatundikwa Ulaya. Ukoo wa kazi yangu siuonei haya. Nasema tu kwamba ilikuwa kazi ya kukariri, na niliikariri vizuri.

Kisha zikaja fleksi. Mteja anakwenda na flashi asubuhi, jioni anatundika bango la plastiki lenye picha halisi, herufi zimenyooka, na bei ambayo mimi ningemaliza kwenye rangi na thina. Sikupigana nazo. Nilifungua steshenari, nikaziacha brashi zikaukie kwenye kopo. Faraja yangu ilikuwa moja, na ni ya roho mbaya kidogo: jua la Dar. Kwenye fleksi za bei nafuu njano na wekundu huondoka kwanza, bluu inabaki, kwa hiyo baada ya muda kinyozi anabaki na wateja wa bluu. Nilikuwa nikipita hapo napunguza mwendo ili nitazame vizuri.

Kilichonirudisha ni mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023. Mnaukumbuka. Mwenye steshenari bila umeme ni mlinzi wa duka lake mwenyewe: fotokopi imelala, kompyuta imelala, laminesheni imelala, na wateja wanakaa kwenye benchi wakisubiri "labda utarudi saa sita". Mimi nina boksi la karatasi zilizoharibika kwenye mashine, upande mmoja mweupe kabisa, na nina peni za kuuza. Nikaanza kuchora benchi. Mapema 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji ukawashwa, umeme ukaanza kutengemaa, mashine zikaamka. Mimi nikabaki na tabia.

Sasa turudi kwa yule kijana wa kinyozi. Nilimchora bila kukusudia kwa miezi. Nilikuwa namtazama mzee mwenye pua bapa na kope nzito, namtazama kweli, lakini nikishusha macho kwenye karatasi mkono unamalizia sentensi wenyewe. Kona ya jicho inapinda ulivyozoea. Mdomo unapanda. Mzee wa miaka 70 anapata ngozi ya kijana.

Binti yangu alinionyesha video za kujifunza kuchora: chora duara, weka msalaba, macho hapa, pua hapa. Nilizitazama kwa heshima, kisha nikaziacha. Kanuni ninayo tayari. Nikiongeza nyingine nitakuwa na vinyozi wawili. Nilichokubali kwenye zile video ni kipimo kimoja: macho ya mtu mzima yako karibu na katikati ya kichwa, kutoka utosi hadi kidevu. Nilichukua rula nikapima kwenye picha za pasipoti zilizoharibika, ikawa kweli. Mabango yangu yalikuwa yanayashusha macho chini ili nywele zipate eneo, na nilikuwa nimeishi na jambo hilo bila kulijua.

Dawa iliyofanya kazi ni kuuzuia mkono usijue unachora nini. Ya kwanza, mkono wa kushoto. Mistari inatetemeka, ndiyo, lakini kushoto hakujawahi kupaka bango hata moja, kwa hiyo hakuna cha kukumbuka, inabidi kuuliza jicho kila hatua. Mchoro wa kwanza uliofanana na mtu niliyemchora ulitoka mkono huo, na ulikuwa mbaya kwa kila kipimo kingine.

Ya pili, kuchora bila kutazama karatasi. Macho yanatembea taratibu kwenye ukingo wa uso wa mtu, peni inatembea pamoja nayo, na huruhusiwi kushusha kichwa mpaka umalize. Matokeo yanachekesha: pua iko nje ya uso, sikio limeenda likizo. Lakini kila kipande peke yake ni cha mtu yule. Wateja wangu walizipenda hizi kuliko zile nzuri. Mama mmoja anayeuza vitumbua jirani alichukua yake akaibandika kwenye kabati lake la vioo, akasema, "Anko, hapa umenipata mdomo."

Ya tatu ni kugeuza picha juu chini. Ukimgeuza mtu kichwa chini, jicho halisemi tena "hili ni jicho", linaona doa jeusi lililoinama, na mkono unachora doa jeusi lililoinama. Hii nilifanya kwa picha zangu mwenyewe za zamani. Za wateja sichori bila ruhusa. Mtu amekuja kutoa pasipoti saizi, hakuja kukaa kwenye daftari langu.

Ila pasipoti saizi zimenifundisha, hilo nikiri. Mabango yangu yote uso ulikuwa wa upande, robo tatu, kwa sababu ukiwa hivyo pua inajichora yenyewe: ina ukingo. Picha ya pasipoti ni uso wa mbele, mwanga bapa, hakuna kivuli cha kukusaidia. Sasa pua ya mbele ina mstari gani? Haina. Nilihangaika nao kwa wiki, nikiweka mistari miwili ya pembeni, na kila mtu anatoka na bomba katikati ya uso. Pua ya mbele ni kile kivuli cha chini, matundu mawili na giza dogo chini yake, na juu unaacha karatasi. Kumwambia mtu wa mabango aache karatasi! Sisi tulilipwa kujaza.

Hapo ndipo nilipoanza kuipenda peni. Ile ya kawaida, ya wino wa mafuta, ninayouza kwa rejareja. Haifutiki, kwa hiyo huna nafasi ya kubembeleza mstari, na ukiilaza kwa uzito mdogo inatoa kijivu hafifu, ukikandamiza inatoa giza. Unajenga kivuli kwa mistari ya kukatana, tabaka juu ya tabaka. Kasoro yake ni lile tone la wino linalojikusanya kwenye ncha, linakusubiri ufike kwenye jicho. Natembea na kipande cha karatasi cha kuifutia.

Penseli nilizirudia baadaye, na hapa wenye steshenari wenzangu tujitazame: mtaa mzima ni HB. Huyo HB ni wa kuandikia. Tangu Mfaransa Nicolas-Jacques Conté alipopata hataza mwaka 1795 ya kuchanganya unga wa grafiti na udongo na kuuchoma, ngazi ya penseli ni suala la udongo tu: ukizidi, penseli inakuwa ngumu na hafifu, ukipungua, inakuwa laini na nyeusi. Mchoraji anahitaji angalau 2B na 6B, zilizo laini zaidi, pamoja na HB yake. Nimeanza kuziagiza Kariakoo pamoja na mzigo wa shule. Zinanunuliwa na mimi.

Jambo lingine ambalo hakuna aliyeniambia: macho. Nilipoacha brashi nilikuwa naona hata punje ya mchanga. Sasa nina miwani ya kusomea. Nikiivaa naona karatasi, mtu aliye mbele anakuwa ukungu. Nikiivua namwona mtu, karatasi inakuwa ukungu. Kuchora kwenyewe ni kwenda na kurudi kati ya hivyo viwili, sasa fikiria kuvua na kuvaa kwa kila mstari. Nilinunua miwani yenye vioo viwili, juu pa mbali chini pa karibu, na nadhani imenisaidia kuliko zoezi lolote nililolitaja hapo juu. Ukifika umri wangu ukaona mchoro wako umelegea, nenda kwanza kwa daktari wa macho kabla hujajilaumu.

Jumapili huwa nakwenda mjini. Nilianza na sanamu ya Askari pale Samora, kwa sababu moja tu: hatikisiki. Shaba nyeusi, imesimama hapo tangu 1927, kazi ya Mwingereza James Alexander Stevenson. Ukikaa kivulini utaona anavyoegemea mbele na bunduki yake, uzito wote umekwenda mguu mmoja. Nilimchora kutoka pande nyingi. Hapo nikagundua jambo la pili kuhusu mkono wangu. Uso ulikuwa umekariri. Mwili haukuwahi kuujua. Mabango ya kinyozi yanakata watu kifuani! Katika kazi ile yote sikupaka miguu, na mikono niliipaka pale tu ilipobidi kushika mashine ya kunyolea, tena ilikuwa mkono mmoja, ule ule.

Kwa hiyo nikahamia pantoni. Kivuko cha Magogoni kwenda Kigamboni ni darasa la bure kwa mtu anayetaka kujifunza namna watu wanavyosimama. Wamejaa, wana mizigo, wana baiskeli, wana watoto mgongoni, na hawana pa kwenda mpaka tufike ng'ambo. Safari ni fupi, huwezi kupamba. Unachukua mstari wa uti wa mgongo, unachukua nyonga, unachukua mabega, basi. Mtu akilalia mguu mmoja, nyonga ya upande huo inapanda na bega la upande huo linashuka. Ukiupata mkato huo, hata usipoweka uso watu wanajua amechoka. Ukiukosa, umechora kabati.

Watu wa pantoni hawachelewi kukuona. "Mzee, unanichora mimi?" Wengine wanageuka wasionekane, na hao nawaacha. Kijana mmoja wa bodaboda alidai hela, tukacheka, nikampa mchoro. Dada mmoja alitazama begani kwangu akaniomba nimpunguze tumbo. Nilimpunguza. Mteja ni mteja.

Kuhusu simu na tableti nitasema kwa ufupi maana ndipo vijana wanaponiuliza. Binti yangu aliniwekea programu ya kuchorea, ina leya, yaani tabaka za picha, ina rangi zote, ina brashi zisizokauka kwenye kopo. Kwa kujaribu rangi ni tamu, kwa sababu unaweka mchoro leya ya chini, rangi leya ya juu, ukichukia unaifuta bila kugusa mistari. Kwa kujifunza mimi hainifai. Ina kile kitufe cha kurudisha nyuma, na mkono ukijua kuna kurudisha, unarudi kwa kijana wa kinyozi mara moja. Unaacha kutazama, unaanza kubahatisha.

Kazi ya kwanza imekuja mwaka huu. Mwalimu wa chekechea, mteja wangu wa manila na gundi, aliona michoro kaunta akaniomba nimchoree herufi za Kiswahili na picha zake, za kubandika ukutani. Hakutaka kuta zake ziwe na yule panya mwenye glavu nyeupe ambaye yuko kwenye kila chekechea ya mji huu, tena amekosewa masikio. Tulikaa na orodha. A ananasi, b bata, ch chura, hizo hazina ugomvi. Gh ghorofa, sawa. Dh tukabishana, yeye anataka dhahabu, mimi nikamuuliza mtoto atajuaje kwamba hiki kipande cha manjano si sabuni. Tukaweka pete na cheni. Th ikawa theluji. Hapo nilifurahi, maana theluji kwenye manila nyeupe ni kazi ya kuacha: unachora mawe na vivuli vya Kilimanjaro, unapaka anga, na kile kileleni hukigusi. Mkono wangu uliwasha kutia nyeupe. Niliukalia. Mwalimu akaitazama kwa muda, akasema kwa upole, "Nzuri, mzee. Ila hawa wa Mbagala watasema ni ugali umemwagika." Nimeongeza watu wadogo wenye makoti wanapanda.

Ng' ni ng'ombe. Nilimchora bila kufikiri, nikampelekea. Mwalimu akauliza: "Mbona anacheka?"

Nikapanda gari mpaka mnadani Pugu. Nilikaa pale asubuhi nzima na ubao wangu, vumbi hadi kwenye miwani. Ng'ombe hacheki, hana midomo ya kazi hiyo. Masikio yanatoka chini ya pembe, yanalala pembeni. Mimi nilikuwa nayasimamisha juu kama ya punda. Lile "goti" la mguu wa nyuma linalopinda kinyume ni kisigino, goti lenyewe liko juu karibu na tumbo, ndiyo maana wanyama wangu wote walikuwa na miguu ya meza. Na nundu! Karibu wote waliokuwa mbele yangu walikuwa na nundu. Ng'ombe wangu wa bucha hakuwahi kuwa nayo, kwa sababu niliyemnakili mimi, na fundi wangu kabla yangu, ni ng'ombe wa Ulaya, wa mabaka meusi na meupe, kutoka kwenye kopo la maziwa ya unga. Miaka yote ile nimewauzia watu wa Temeke nyama ya ng'ombe ambaye hajawahi kukanyaga Pugu.

Wa sasa ana nundu, ngozi inaning'inia shingoni, na anatazama ulivyo utazamaji wa ng'ombe, yaani hana habari na wewe. Mwalimu amempokea. Amebandikwa kwa siku chache tu, mwenye bucha wa mtaa wa pili, ambaye mjukuu wake anasoma pale, akaja dukani. Anamtaka ukutani kwake, mkubwa, kwa rangi ya mafuta, fleksi yake imeshakuwa bluu. Ila ana sharti moja: acheke kidogo. Bei tumekubaliana. Kwenye kucheka bado tunavutana.